Wamemuua Binti Chaza

Mjomba,

Assalaamu alaykum. Leo nakusalimu kwa mkato, unisamehe. Nimekasirika tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, na nimeona heri nikuandikie kuliko kumpigia kelele mtu asiyehusika.

Wamemuua Binti Chaza. Wamemuua zamani, nikiwa mtoto wa miaka tisa, nami nimekuja kujua juzi, mbele ya watu.

Najua ungeniambia, "Mwanaisha, pumua kwanza." Haya, napumua. Nianze na habari za nyumbani.

Miezi minane imepita tangu ututoke. Mkaza mjomba Zuhura bado yuko Barani, hapo Malindi. Chumba chenu ni kilekile, ila kitanda amekisogeza dirishani, kwa sababu anasema kilipokuwa zamani alikuwa akigeuka usiku kukutafuta. Hoteli uliyokuwa ukifua mashuka yake imefungwa, lango lina mnyororo na njia ya magari imeota majani. Mimi ningali Kilifi, kwenye duka lile lile la dawa, na ninapanga ng'ambo ya daraja, Mnarani.

Na nimepata watu. Kuna kundi la wapenzi wa majarida ya mashujaa, yale ya hadithi za picha, tunakutana Jumamosi alasiri katika chumba kilicho juu ya duka la simiti na misumari. Ni watu wazima wenye kazi zao: mwalimu wa hesabu, fundi wa mafriji, dada mmoja wa benki, na wengineo. Anayetuongoza ni Katana, mtu wa Kaloleni, mpole, ambaye amehifadhi majarida ya miaka thelathini ndani ya tableti moja. Ungempenda. Ungebishana naye mpaka chai ipoe.

Jumamosi hiyo mada ilikuwa yale matukio makubwa, pale kampuni inapokusanya mashujaa wa majarida yake yote ndani ya hadithi moja. Mwalimu alisema ni uhuni mtupu: hadithi inakatwa vipande, kila kipande kinatiwa katika jarida lake, na ukikosa kimoja huelewi lolote. Saidi, yule fundi wa mafriji, akasema yeye anayapenda hivyo hivyo, maana hakuna mahali pengine utakapowaona wote wamesimama kwenye picha moja. Kila mtu akataja lililo bora kwake.

Nikasimama mimi. Nikasema hakuna lililoshinda Vita vya Malango Tisa.

Niliwaeleza nilivyolijua. Kwamba wageni walikuwa wakiacha majarida vyumbani, yakaja kwako dobini pamoja na mashuka. Kwamba yalikuwa ya Kitaliano, nawe Kitaliano ulikiokota kwa wageni hao hao, neno baada ya neno. Kwamba baada ya sala ya alasiri ulikuwa unaniketisha kizingitini, picha umeigeuzia kwangu, ukanisomea kwa Kiswahili huku umeinamisha shingo kutazama maneno kwa upande. Majina mashujaa hao uliwapa wewe. Jemadari, aliyemwita hivyo ni wewe. Mfua Nyota ni wewe. Binti Chaza, mwenye ngozi ing'aayo kama ndani ya kombe, ni wewe.

Kisha nikawasimulia lango la tatu, ambalo ulinisimulia kwa mdomo tu, bila picha. Mashujaa wamegawanyika, wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na kila ngumi ikikosa mtu inaangusha ghorofa. Binti Chaza anasimama katikati yao anauliza, "Na watu waliomo ndani ya nyumba hizi, nani amewatoa?" Hakuna anayemjibu. Basi anaiacha vita yao, anaingia mjini, anaanza kutoa watu. Ajuza na kuku wake. Fundi saa asiyetaka kuacha saa za wenyewe. Mjamzito aliyebanwa na mlango. Lango la nne, la tano, mpaka la tisa linafungwa, yeye bado anatoa watu. Na katika picha ya mwisho, mashujaa wote wako mlimani wanapunga mikono, naye hayumo. Nilikuuliza kwa nini hayumo. Ukaniambia, "Yeye ana kazi. Hawa hapa wamemaliza kazi, ndiyo maana wamepata nafasi ya kupigwa picha."

Watu walivuta viti karibu kunisikiliza, Mjomba. Nilidhani nimewakamata.

Katana alikuwa akipekua tableti yake. Akaniuliza kwa upole kama ni lile la malango ya shaba, nikasema ndilo. Akanigeuzia kioo. Toleo la tatu. Chini kabisa ya ukurasa, pembe ya kushoto, kipicha kidogo kama stempu: Binti Chaza amelala chini ya nguzo iliyomwangukia, nywele zimemfunika uso. Hana neno hata moja mdomoni. Ukurasa unaofuata wote ni wa Jemadari, amekunja ngumi, ananguruma kwa hasira. Basi. Kazi yake katika hadithi nzima ilikuwa kufa ili Jemadari apate sababu ya kunguruma.

Saidi akacheka. "Basi mjomba wako alikuwa mwongo, dada yangu."

Wakacheka wote. Si kwa ubaya, hilo nalijua sasa. Lakini walicheka, na wewe uko kaburini huwezi kujitetea. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilivuka daraja kwa miguu, jua la alasiri usoni, na sikuliona hilo daraja.

Jioni ile Katana alinitumia matoleo yote, ya Kiingereza, kwenye simu, na neno la kuomba radhi. Nikayasoma siku nne, kabla ya kazi na baada ya kazi. Nikwambie la kweli? Ni hadithi mbovu. Mji mzima unabomolewa na hakuna hata shujaa mmoja anayeuliza habari za waliokuwamo. Jemadari analia ukurasa mmoja, na kufika toleo la tano anatania na kula chakula na wenzake kana kwamba hakuzikwa mtu. Mashujaa wawili wengine wanakufa kwa picha kubwa kubwa, kwa hotuba, na baada ya muda wanarudishwa bila maelezo ya maana. Binti Chaza hakurudishwa. Si kwa kuwa waandishi wanaheshimu kifo. Ni kwa kuwa hakuna aliyemkumbuka. Nilisoma na maoni ya wasomaji wa zamani mtandaoni. Wanagombana kurasa na kurasa kuhusu nani mwenye nguvu zaidi, Jemadari au Mfua Nyota. Kuhusu yeye nilipata mstari mmoja, mtu ameuliza, "Yule mwanamke anayekufa mwanzoni anaitwa nani?" Hakuna aliyemjibu.

Wewe nilishakusamehe nusu. Nilijiambia: Mjomba hakuwa na toleo la tatu, mgeni hakuliacha, akaziba pengo kwa akili yake. Hilo si uongo, huko ni kushona palipochanika.

Ijumaa nikaenda Barani nihakikishe. Nikamwomba mkaza mjomba anionyeshe majarida. Akafungua kasha, akanitolea la kwanza, la pili, la tano, la tisa, kama nilivyoyakumbuka. Nikamwambia, "La tatu hakuwa nalo, sivyo?"

Akanitazama. "La tatu lipo. Liko chini ya kanzu zake za Idi."

Akaniambia kwamba siku uliyolileta ulikataa kula. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, ukausogeza kando. Akakuuliza umefiwa na nani. Ukamwambia ni msichana mmoja wa kitabuni, wamemuua ovyo. Yeye akasema hizo ni karatasi tu, nawe ukamjibu, "Zuhura, aliyeyaandika haya hakumpenda hata kidogo. Sasa alimuumba wa nini?" Ukatoka ukaenda kuketi nje mpaka magharibi.

Nililifungua toleo hilo juu ya kitanda chenu. Juu ya kile kipicha cha pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu: Hapana. Umekandamiza mpaka karatasi imetoboka kidogo. Na nyuma ya jalada, kwa penseli, kwa mwandiko wako wa kubana: ajuza na kuku. Fundi saa. Mwalimu, umemkata kwa mstari. Mjamzito, mlango. Chini kabisa: Mwanaisha asilione hili.

Mkaza mjomba alidhani nalia kwa huzuni. Mjomba, nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako.

Mtoto wa miaka tisa, sawa, umfiche. Sikulaumu kwa hilo hata chembe. Lakini mimi sikubaki wa miaka tisa. Nilikwenda chuo. Nilipata kazi. Tulikaa kizingiti kile kile, mimi na wewe, watu wazima wawili, tukachambua tukio hili na lile, tukawasuta waandishi kwa kila upuuzi wao. Hata ulipolazwa, na ile dripu mkononi, nilikuuliza kwa utani Binti Chaza yuko wapi siku hizi, ili ucheke. Ukasema, "Yu salama." Ulikuwa na nafasi, ukaniambia yu salama.

Unajua ulichoninyima? Si ukweli wa hadithi. Huo nimeupata kwenye simu. Ulininyima kukasirika pamoja nawe. Ulibeba hasira ile miaka ishirini peke yako, umeifungia kashani chini ya kanzu, na mimi nilikuwa hapo hapo ubavuni pako. Ningekusaidia. Tungeandika barua kwa hiyo kampuni yao, wewe kwa Kitaliano, mimi kwa Kiingereza, tuwaulize alichowakosea.

Jumamosi nilirudi kwenye kundi na toleo lako mkononi, nimelifunga katika leso. Nililiweka mezani limefunguliwa pale pale. Sikutoa hotuba. Katana alisoma lile neno jekundu, akalipitisha kwa mwenzake. Yule dada wa benki aligeuza jalada, akasoma orodha ya penseli kwa sauti, na alipofika kwa fundi saa akamrudia mara mbili.

Kisha nikasema yangu. Nikasema sidai kwamba mjomba wangu alisoma kilichoandikwa. Nasema kilichoandikwa ni kibaya, na dobi wa Malindi alikiona ni kibaya siku ile ile, kabla ya sisi sote, akakaa chini akakirekebisha. Nikasema tunapoulizana tukio lipi ni bora, tunahesabu mashujaa waliomo pichani na hatuwaulizi walioangukiwa na nyumba.

Saidi alikuna kidevu. Akasema, "La uongo nalifuta, dada. Lakini hakukisoma kitabu. Alisoma kingine." Nikamwambia hapo tumekubaliana. Mwalimu wa hesabu hakukubaliana na yeyote. Alisema mtu akianza kusahihisha hadithi za wenyewe hakuna mwisho, tukabishana hadi adhana ya magharibi, na Katana akalazimika kututoa nje na kufunga mlango tukiwa bado tunasema. Nilirudi nyumbani koo limekauka. Nilikutamani uwepo, si kidogo.

Toleo la tatu nimelirudisha kwa mkaza mjomba. Alitaka nilichukue, nikakataa. Alisema basi atalitoa chini ya kanzu, atalipanga baina ya la pili na la tano, na nilimwona akilipanga.

Kuna tukio jingine linakuja mwaka huu, Katana ametuonyesha tangazo. Jemadari yumo, bila shaka, amekunja ngumi zile zile. Nitalisoma lote, hata vipande vya pembeni, na nitaandika jina la kila atakayeuawa ovyo. Hilo nakuahidi.

Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako, Mjomba, na akupanulie. Kwa kunificha sijakusamehe. Nitakusamehe, nakuahidi hilo pia, lakini si wiki hii.

Mwanao,
Mwanaisha