Krismasi Aliyotasa Mwandoe

Eldoret, Jumapili ya kwanza ya Januari. Wiki imepita tangu niondoke nyumbani, na miezi minane tangu uondoke wewe.

Baba,

Leo hakuna kazi ya mjengo, basi nimekalia mfuko wa simiti nikuandikie. Sikusoma sana, unajua, vumilia mwandiko. Lakini nimeona jambo Krismasi hii, na kila nikibeba karai linanijia.

Tulikutana wote kwa Mama, huko mlimani. Mwandoe, kaka yangu mkubwa, alipanda kutoka Voi na mbuzi. Binti yake Wakesho alikuja kivyake kutoka Nairobi, nywele amesuka nyekundu, akajificha jikoni ili asikae na babake. Walikuwa hawajasemezana tangu tukuzike. Siku ile Wakesho alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia babake kwamba alikuachia majirani ukiugua, na sasa analeta hema na viti vya kukodi. Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma. Mwandoe akasema hana mtoto wa jina hilo.

Nyama ikaiva. Vijana wakaanza kusogeza sahani, na Mama akaweka kigoda chake mbele ya sufuria, akakaa. Akasema hakuna atakayeonja kabla ya kutasa. Wewe ndiwe uliyekuwa ukitutasia: unaitaja hasira yako hadharani, unajaza mdomo pombe ya miwa, unaipuliza nje, na hasira hiyo haina ruhusa ya kurudi tena. Sasa mkubwa ni Mwandoe. Huyo huyo mzee wa kanisa aliyekuwa akienda nyuma ya nyumba ukitasa, akisema ni mambo ya giza.

Alisema ataomba tu. Mama akamjibu, "Omba pia, nani amekukataza? Lakini mtoto hawezi kula nyama ya baba aliyemkasirikia."

Kijana mmoja akasema, "Shosho, tutazimia hapa." Wakacheka. Mama hakucheka.

Mwandoe akaitisha maji, kwa sababu pombe hagusi. Mtu anayetufokea sisi wote kwenye simu, Baba, alikuwa ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili. Akajaza mdomo, mashavu yakafura, halafu akakumbuka hajasema lolote. Ikabidi ameze. Vijana wakaangua kicheko, na Mama akamwambia polepole kama anayemfundisha mtoto, "Sema kwanza."

Akasema, "Nimemkasirikia Wakesho kwa sababu alisema ukweli. Itoke." Akanywa tena, akapuliza.

Wakesho alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Maji yalimfikia. Yule msichana asiyeinamia mtu aliinamisha kichwa na hakujipangusa, yakawa yanadondoka kutoka kwenye zile nywele nyekundu mpaka kwenye kola. Hata simu za vijana waliokuwa wakirekodi zilishushwa. Maji tu, Baba, ya mfereji. Nimesaidia kuinua maghorofa huku, lakini sijaona kitu kikubwa kama kile. Simu za shangazi zilishindwa kuwapatanisha, kikao cha wazee kilishindwa, na funda moja la maji likaweza. Sijui ni Mungu, au ni nyinyi mliotangulia. Sikuthubutu kuuliza.

Kisha Wakesho akasema, "Asante, Dadi. Lakini nusu imeniingia sikioni." Mwandoe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kichwa cha mbuzi alipewa yeye, naye akamkatia Wakesho ulimi.

Mama akauliza kama kuna mwingine. Nikaangalia chini. Hasira yangu haikuwa kwa mtu yeyote pale uani. Ni kwako wewe. Ulinitoa darasa la saba nikachunge ng'ombe za watu kule Ndara, ili Mwandoe aendelee kusoma. Hukuniuliza, nami sikukwambia kitu mpaka ukafa. Nilidhani basi, nitazeeka nayo. Lakini baada ya kuona maji yale, siamini tena kwamba kufa kwako kumefunga njia.

Kwaheri kwa sasa, Baba. Ulale vizuri, na usihofu nikija, kwa maana nakuja kuitoa, si kuiongeza. Nakuahidi nitaisema yote kwa sauti, hata majirani wakisikia. Tutaachiliwa kazini Alhamisi kabla ya Pasaka. Ijumaa Kuu asubuhi nitashuka Voi, na mchana nitakuwa kaburini kwako, maji mdomoni.

Mwanao,
Mwakio