Sahani Inayorudi Imejaa

Karatu,
Jumapili mchana.

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya gunia la maharage nje ya jiko la parokia, jua linanipiga mgongoni baada ya wiki nzima ya ukungu. Mimi mzima. Mguu uliokuwa unavimba umepoa, na kahawa tumemaliza kuchuma, kwa hiyo shambani siku hizi ni palizi tu, saa saba tunatoka. Magoti yako yanaendeleaje? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, ameshazaa au bado anatuzungusha? Najua anayekusomea ni mke wa Musa. Wifi, soma yote, usiruke hata pale nitakapomsema mama.

Musa amenipigia simu. Anasema tangu tumzike baba, wewe huli. Sahani inaingia chumbani imefunikwa na inatoka imefunikwa vilevile, na ukiulizwa unasema umeshiba. Wifi amepika mlenda, akapika maharage, juzi kachinja kuku, vyote vimerudi. Sasa anajificha jikoni analia, anadhani umeyachoka mapishi yake. Mama, niliposikia niliogopa sana. Niliogopa kwamba tutakuzika na wewe kabla udongo wa baba haujakauka. Lakini sitakugombeza, maana yaliyompata wifi yamenipata na mimi huku, na nilikuwa mjinga kuliko yeye.

Kwanza nikuambie jambo nililokuficha. Mwaka ule wa kwanza nilipokuja kuchuma kahawa, nilikuta mvua imechelewesha kila kitu na kazi hakuna. Nilikuandikia kwamba nimepata chumba kizuri. Sikuwa na chumba. Nililala siku kumi na moja kwenye ukumbi huu wa parokia pamoja na watu wengine wasio na pa kulala, na nilikula chakula chao. Ndiyo maana sasa nikitoka shambani nakuja kupika hapa kwa kujitolea. Hakuna anayenilipa na sitaki. Nilipoanza nilipewa kazi ya kuosha masufuria, na leo hakuna anayesonga ugali wa watu thelathini kama mimi. Hata Mama Paskalina anakubali, ingawa hasemi mbele yangu.

Huyu Mama Paskalina ndiye mkuu wa jiko, Mwiraqw wa Endamarariek, mnene, mcheshi, na ulimi wake haupumziki.

Mwezi uliopita aliletwa ukumbini kijana wa Kimasai, moran, wale vijana mashujaa wao, jina lake Saning'o, kwao Oloipiri. Ng'ombe wa baba yake walikwisha kwa ukame, akaja Karatu akapata kazi ya ulinzi. Akaugua nimonia. Alipotoka hospitali akakuta lindo lake kapewa mtu mwingine, na kibanda alichokuwa analala kimekwenda na lindo. Alikuja na shuka lake, fimbo yake na vidonge vya kumeza mara moja kwa siku, baada ya chakula. Nesi alitusisitizia sana hilo. Mapafu hayajapona, alisema, na dawa hizi bila kula zitamlaza tena.

Siku ya kwanza nilipika mlenda wa karanga, ule wako. Kila mtu alilamba vidole. Sahani ya Saning'o ikarudi imejaa.

"Wewe na utelezi wako," Mama Paskalina akaniambia. "Umasaini nani anakula majani?"

Siku ya pili nikapika maharage mazito. Yakarudi. Alikunywa chai ya rangi tu, vikombe vitatu, akalala ameelekea ukutani. Mama, nilikasirika. Nilijisemea, huyu ananidharau. Kwetu Singida mtu akikataa chakula chako mara mbili amekutukana, na mimi sijawahi kutukanwa hivyo.

Ndipo nikasema nitamwonyesha Singida ni nini. Nikaenda mnadani nikanunua jogoo, wa kienyeji kabisa, nikamkaanga kwa mafuta ya alizeti, nikaweka firigisi juu kama anavyowekewa mkwe. Nikambebea mwenyewe kwa mikono miwili. Saning'o akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa, "Yeyo, huyu ni ndege. Sisi hatuli ndege." Yeyo kwao ni mama. Nyuma yangu Mama Paskalina alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Yule jogoo tulimla wapishi, na sikusikia ladha yake.

Siku ya nne kijana alikuwa anakohoa na macho yameingia ndani. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Saning'o, nimekukosea nini?"

Akashtuka. "Hujakosea, yeyo. Chakula yako nzuri. Nasikia harufu, tumbo inalia."

"Sasa mbona huli?"

"Nitakula na nani?"

Nikamwonyesha ukumbi mzima, watu zaidi ya ishirini na midomo yao. Akatikisa kichwa. Akanieleza taratibu kwamba moran hali peke yake, na hali huku wanawake wanamtazama. Lazima awe na mwenzake wa rika moja. Hospitali alikuwa na ndugu yake wa rika, walikula pamoja, lakini yule alirudi kwao. Hapa ukumbini hakuna hata mmoja.

"Utakufa, mwanangu."

"Nikila hivi hivi, siku nikirudi Oloipiri nitawatazamaje wenzangu?"

Mama, unanijua. Sikubishana. Nilivua aproni, nikashuka hadi kituo cha mafuta, maana pale mlinzi ni Mmasai na umri wao nilikisia unalingana. Nikamuuliza yeye ni rika gani. Akacheka, akauliza kama nina binti wa kuoza. Nikamwambia nina kijana wa kulisha, na nikamsimulia yote. Kicheko kikakatika. Akasema huyo ni rika lake, akachukua rungu lake akanifuata.

Walikuwa hawajawahi kuonana hata siku moja. Walisalimiana mpaka ugali ukapoa: ng'ombe, mvua, ukoo, baba yako nani, mlihamia wapi. Mimi nimesimama na maziwa mkononi nahesabu dakika. Mwishowe mlinzi akanigeukia akasema, "Yeyo, tupe mgongo."

Nikawapa mgongo. Kwa mpishi hiyo ni adhabu, maana sisi chakula tunakila kwa macho, kwenye uso wa anayekula. Nikashika kisu nikamenya vitunguu nimeelekea ukutani. Nikasikia wanaongea Kimasai, halafu nikasikia kile kimya ambacho kila mpishi anakijua. Sahani ilirudi imefutwa kwa kidole. Mama Paskalina akaniuliza nalia nini, na vitunguu nilikuwa nimeshamaliza zamani.

Tangu siku ile mlinzi anakuja kila siku kabla ya kuingia lindoni, na mimi nageukia ukuta wangu. Vidonge vimekwisha, kikohozi kimekwisha. Alhamisi Saning'o amerudi Oloipiri. Alipokuja kuniaga alinikuta nimetoka kuongea na Musa, uso wangu hauna raha, akauliza kulikoni. Nikamwambia mama yangu hali chakula.

"Yeyo wako anakula na nani?"

Nikaanza kumweleza. Ana unga, ana karanga, ana kuku, ana mkwe anayejua kupika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia swali lake.

Nilikaa nikakumbuka wewe na baba mnakula sahani moja, miaka yote ile, hata majirani walipomcheka kwamba mwanamume gani anakula na mkewe. Nilikumbuka anavyokusukumia mchuzi upande wako huku anajifanya anatazama mlangoni. Na sisi watoto wako tumekutengea sahani yako peke yako, tukafunga mlango, tukakuambia pumzika. Tumekosea sisi, si wewe. Wifi, na wewe hujakosea popote, futa machozi uendelee kusoma.

Sasa sikiliza nilichoamua. Nimempigia Shangazi, dada yake baba. Ameniambia ugali wa mtu mmoja hata kuusonga anaona uvivu. Kuanzia siku utakayosomewa barua hii, atakuja kwako kila mchana. Najua mlinuniana msibani kwa sababu ya lile blanketi la baba. Nunianeni, lakini mkiwa mnakula. Asikae kwenye kiti pembeni, akae mkekani.

Na mimi nakuja. Msimamizi wa shamba amenipa wiki mbili, na Mama Paskalina atashika mwiko wangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitafika kabla jua halijazama. Nisikute umepungua.

Nisalimie Musa, umwambie amefanya vizuri kunipigia na asingoje tena muda mrefu hivyo. Msalimie Shangazi na ulimi wake, mjukuu wako aliyeanza shule, na jirani yetu wa mizinga ambaye bado namdai asali aliyoniahidi. Mama Paskalina anakusalimu, anasema mlenda wako sasa anaupenda, ila nisimwambie mtu.

Wifi, neno la mwisho ni lako. Siku hiyo usitenge sahani mbili. Toa ile kubwa ya bluu, ya baba. Mimi nitakaa upande wake, na mchuzi nitausukuma kwa mama.

Mwanao,
Tatu