Namba Nilizoacha Wazi

Jumatatu, 5 Mei
Nimewasha programu upya, halafu chai. Wiki ya pili sasa. Niliiandika mwenyewe: kliniki za Kebirigo, Nyaramba na kwingineko zinaomba ambulensi kupitia kwayo, ombi linapita kwenye seva yetu hapa Kisii, dereva analipata kwenye simu. Inafanya kazi siku mbili, inagoma. Ujumbe ni ule ule: faili zilizo wazi ni nyingi mno.

Otieno, anayetunza seva, anasema kosa liko kwenye programu. Nikamwambia seva yake ni dhaifu. Mbele ya watu. Sijisikii vizuri.

Jumatano, 7 Mei
Otieno amekubali kuongeza kikomo cha faili mara nne. Nimeshinda. Mbona situlii?

Jumamosi, 10 Mei
Simu ilitetemeka katikati ya mahubiri ya Sabato. Nikatoka. Mama yangu alinitazama.

Imegoma tena, pamoja na kikomo kipya. Sista Bosibori, muuguzi wa Nyaramba, alikuwa ametuma ombi asubuhi. Halikufika. Mwanamke alikuwa anavuja damu baada ya kujifungua. Sista alisubiri dakika arobaini akidhani gari liko njiani, ndipo akampigia dereva simu. Mgonjwa yuko hai. Naandika tena: yuko hai. Sijala kitu.

Jumapili, 11 Mei
Nimepata.

Kila ombi likiingia, kompyuta inauhesabu muunganisho wake kama faili iliyo wazi na kuupa namba. Kazi ikiisha, programu inaufunga, namba inarudi itumiwe na mwingine. Ila mtandao ukikatika katikati, programu yangu inatoka kabla ya kufika kwenye mstari wa kufunga. Namba inabaki wazi, haina mwenyewe. Mvua ya wiki hizi inakata mtandao kule kila mara. Namba zikajaa, ombi jipya halina pa kuingilia. Kuongeza kikomo kulichelewesha tu.

Kosa ni langu. Nimeongeza mstari wa kufunga pale mtandao unapokatika. Dakika tano. Otieno sijamwambia.

Jumanne, 13 Mei
Mbaya zaidi. Programu haigomi, lakini maombi yanakatika ovyo, hata ya mahali penye mtandao mzuri. Kebirigo walituma mara tatu. Nikasoma mistari ile ile hadi macho yakauma. Mwishowe nikamwita Otieno. Ilikuwa vigumu kumwita.

Alivuta kiti, akasoma polepole, akaweka kidole kwenye skrini.

"Hapa unafunga. Na mtandao ukikatika mwishoni, programu inafika huku chini, unafunga tena."

"Kufunga mara mbili kuna ubaya gani?"

"Ukifunga mara ya kwanza, namba inapewa mtu mwingine papo hapo. Ukirudi kuifunga, si yako tena. Ni ya Kebirigo."

Nimekuwa nikiwakatia watu maombi yao kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa sababu ya haraka. Kwa sababu sikutaka aone.

Tumefuta kote kuwili, tukaweka mahali pamoja pa kufunga, ambapo kila njia lazima ipite, kazi ikifaulu au isifaulu. Nikamwomba msamaha kwa yale ya seva. Akasema, "Sawa tu, Kwamboka," akaenda kula. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 15 Mei
Mvua kubwa. Mtandao umekatika mara nyingi. Nimekaa nikitazama idadi ya namba zilizo wazi: inapanda, inashuka. Mchana kutwa. Otieno ameniambia niende nyumbani. Sikuweza.

Alhamisi, 22 Mei
Siku tisa bila kugoma. Nimeenda Nyaramba. Nilitaka Sista Bosibori ausikie ukweli kutoka kwangu.

Ni mwanamke mfupi, mpole kuliko sauti yake ya simu. Nikamweleza kwamba siku ile kosa lilikuwa langu, si la mtandao wala la seva. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Sasa nikituma, itafika?"

"Itafika."

Mgonjwa alikuwepo, mzee aliyevunjika nyonga shambani kwenye majani chai. Akatuma ombi mbele yangu. Jibu la dereva likarudi mara moja. Akalisoma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akatoa simu mfukoni akampigia dereva vilevile, kuhakikisha.

Sikumzuia. Nikamsaidia kumfunika mzee blanketi, tukangoja gari.