Kwa Kaka Esakkimuthu, Aliyeondoka na Jina la Mtoto

Kaka Esakkimuthu, leo umetimiza mwaka tangu ututoke, na nyumba yako ya Ambasamudram bado haijapata nafasi ya kukulilia kwa utulivu. Tunakuandikia gazetini kwa sababu hapa getini hatusikilizani. Ngoma za chama zimeanza asubuhi na mapema.

Ni mimi Petchiammal, dada yako, niliyepewa kalamu. Mama alisema, "Andika wewe, mwenye mdomo." Basi nivumilie.

Ulikuwa mtu mwema uliyelipwa kwa kuwa mbaya. Filamu baada ya filamu ulipora mashamba, ulichoma nyumba, ulicheka kile kicheko chako, na mwishoni shujaa akakutwanga hadi ukaangukia mtaroni. Bibi muuza maua wa pale hekaluni alikuzaba kofi mbele za watu. Uliinama ukamgusa miguu, ukamwambia, "Nyanya, niongeze jingine, filamu ya mwezi ujao nimefanya mabaya zaidi." Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile alikuwa akikutengea shada la asumini la nywele za Poongodi, mkeo.

Nyumbani hukuwa na makuu. Ulipenda bajia kwanza, kisha wali wa mtindi na pilipili zilizokaangwa, na achari ya ndimu uliidokoa mtunguni kama mtoto, ukimsingizia binti yako Yazhini. Ulikwenda kuoga mtoni ukiimba, na wanawake waliokuwa wakifua walikuomba unyamaze. Kuimba hukujaliwa, kaka, tuseme ukweli.

Kisha wakakupa ile filamu ya mlinzi wa bwawa anayewafungulia wakulima maji usiku wa ukame. Watu walitoka sinemani wakilia. Mtu mbaya amekuwa mtu mwema, na wilaya yetu, ambayo mifereji yake ilikuwa imekauka kweli, ikaamua kwamba wewe ndiye utakayeifungulia maji. Chama kilikuja na mashada ya maua, ukashinda kiti cha ubunge. Hapo ndipo ulipotutoka mara ya kwanza. Wewe ni kaka yangu wa tumbo moja, lakini ghafla kila mwanamume mwenye masharubu akakuita Kaka, wengine wana wajukuu, na Poongodi akawa Shemeji wa watu wote.

Wakakuletea watoto wao uwape majina. Desturi hiyo hukuianzisha wewe, ila kwako ilizidi. Mtoto anazaliwa, wazazi wanakaa bila kumpa jina, wiki, mwezi, miezi, mpaka gari lako la mkutano lipite. Anapandishwa juu ya gari akipita mikononi mwa watu, unampakata, unatamka jina kwenye kipaza sauti mara tatu, umati unapiga kelele, mtoto anaangua kilio. Ulilichukulia kwa uzito jambo hilo. Kwenye kifungua kinywa ulikuwa ukituuliza, "Haya, nipeni majina ya kike, yangu yameisha."

Katika mkutano wako wa mwisho jua lilikuwa kali na kifua kilikuwa kikikubana. Daktari alikuwa amekwambia upumzike. Bwana Sornakumar, katibu wa chama wilayani, alisema mgombea mgonjwa hapigiwi kura, dawa ungezimeza garini. Kasirajan, mwenyekiti wa mashabiki wako wa Kallidaikurichi, akakunyooshea binti yake mchanga. Ulimtazama yule mtoto, sauti imekukauka, ukasema, "Huyu jina lake ninalo. Nitampa mkutano ujao, nikiwa na sauti." Ukamrudisha.

Mkutano ujao haukuwapo. Kesho yake moyo ulisimama.

Sasa sikiliza shida uliyotuachia. Kasirajan alikataa katakata kumpa mtoto jina jingine. "Jina lipo," alikuwa akituambia kila alipokuja. "Kaka alikuwa nalo. Shemeji, hebu kumbuka vizuri, hakulitaja hata akiwa anaoga?" Alimhoji dereva wako. Alimhoji kinyozi wako. Mimi nakujua, Esakki. Hukuwa na jina lolote. Ulikuwa umechoka, ukasema neno la kujinasua, na watu wako huwa hawalidondoshi neno lako hata moja.

Mwaka mzima mtoto yule ameitwa "wewe" na "mtoto wa Ponnuthai," kwa jina la mama yake.

Na mwaka huohuo mzima Sornakumar amekuwa akikanyaga baraza letu. "Shemeji, mtoto mmoja tu. Panda garini, mpe jina, shuka. Mengine tuachie sisi." Maana yake sote tunaijua. Anayewapa watoto majina ndiye kiongozi. Siku Poongodi atakapotamka jina moja tu hadharani, kiti chako ni chake, na gari lako, na jua lako.

Poongodi alimjibu, "Kiti hicho kimenilia mume. Binti yangu nimwachie nani?" Akaamuru geti lifungwe kwa yeyote mwenye mtoto mchanga. Wifi yangu, ambaye hajawahi kumnyima mtu hata maji ya kunywa! Alikuwa akijificha chumba cha nyuma wasije wakamsikia akilia. Presha yake unaijua. Ilianza kabla hujatutoka.

Jumanne iliyopita Ponnuthai alikuja peke yake, mume wake hana habari. Alikaa juani nje ya geti, mtoto kamlalia begani. Mama hakuvumilia, alimfungulia, akamwingiza jikoni kwa mlango wa uani.

Mtoto alikuwa ametoka kuugua homa, mikono imekuwa vijiti. Ponnuthai alisema alimpeleka hekaluni kumwombea, na kuhani akauliza kama anavyowauliza wote, jina na nyota. Nyota aliijua.

"Nilisimama pale nimeduwaa," akasema. "Nyuma yangu foleni inasukuma. Kuhani ananiambia, mama, sema jina, nimwombee nani? Dada, mwanangu anakufa na hata Mungu hajui anaitwa nani."

"Si ungesema lolote!" Mama akafoka. "Majina yamejaa tele! Mpe langu!"

"Mume wangu atasema nimelitupa la Kaka. Bibi, yule bwana halali. Anasema jina likibadilishwa, Kaka ndiyo atakuwa amekufa kweli."

Poongodi alikuwa amesimama mlangoni. Amekonda mwaka huu, kaka, ungemwona ungelia. Akasema polepole, "Ponnuthai, hakuniachia jina. Nakuapia. Hakuwa nalo."

Nilidhani yule mwanamke ataanguka. Hakuanguka. Alimtazama wifi yangu machoni akasema, "Basi nidanganye. Sema alilitaja. Mimi nitaamini."

Maziwa yalichemka yakamwagika jikoni na hakuna aliyeyaepua.

Poongodi alikaa sakafuni. Alimpokea mtoto, akamlaza mapajani, akamfuta kamasi kwa upindo wa sari yake. "Sitakudanganya," akasema. "Hili natoa mimi. Si la kaka yenu." Kisha akainama akamnong'oneza sikioni mara tatu. Thenmozhi. Thenmozhi. Thenmozhi. Mtoto akamshika kipini cha puani, hataki kukiachia.

"Usimwambie mtu nani kampa," Poongodi akamsihi.

"Simwambii mtu, dada. Nife."

Alikuwa anasema kweli, simlaumu. Lakini jina hupewa mtu ili aitwe. Alipofika kwake akaliita bombani, mbele ya wanawake wenye ndoo, na Kasirajan akamuuliza mke wake swali moja tu. Jioni fataki zililipuka mbele ya nyumba yetu. Asubuhi mabango yalikuwa yamesimama juu kuliko minazi: wewe na masharubu yako ya filamu, umeweka mkono juu ya kichwa cha Poongodi, na chini yake hawakuandika tena Shemeji. Wameandika Mama. Mwanamke wa watu ana mtoto mmoja!

Sornakumar alikuja na shada la maua shingo nzima. "Mama," alimwambia wifi yangu, ambaye kwa umri ni kama binti yake, "wazazi wapo nje na watoto wao."

Wapo kweli, kaka. Wamepanga foleni hadi posta, na watoto wao kwenye jua, na hakuna mtoto hata mmoja mwenye jina. Tumewafukuza, hawaondoki. Mama yetu aliwamwagia maji ya kuoshea mchele, wakayapokea kama baraka.

Leo tulifanya ibada yako kama inavyotakiwa. Tulikuwekea kwenye jani la mgomba wali, bajia na vyote ulivyopenda. Kunguru, ambaye kwetu huja kula kwa niaba ya marehemu, alikuja, akachukua bajia tu, wali akauacha. Mama akamkemea, "Ndiye huyo! Tabia yake ileile!" Tukacheka, hata Poongodi akacheka. Ni mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Kisha akaenda akavaa sari ya kutokea mbele za watu. Mama alimshika miguu, mkwe kamshika mkwewe miguu, dunia imegeuka. "Usitoke, mwanangu. Nimeshazika mmoja."

"Mama, wale watoto hawatakuwa na majina," akasema. "Nimempa mmoja. Nitawaambia nini wengine?"

Ninapoandika haya amepanda gari lako. Namsikia kwenye kipaza sauti. Jua limesimama utosini, sauti yake imeanza kukauka, na nilipomkimbilia Sornakumar na vidonge vya presha aliniambia, "Usihofu, dada, atavimeza garini."

Kaka, hao watu hawakuwahi kutusikiliza sisi. Walikusikiliza wewe. Kama una njia yoyote, mwambie mtu hata ndotoni. Mwambie Kasirajan. Waambie wawape watoto wao majina wenyewe, waende nyumbani, waturudishie wifi yangu. Sisi tumeshindwa.

Wanaokukumbuka ni mama yako Avudaiammal, aliyeketi chini nyuma ya gari na hataki kuondoka. Binti yako Yazhini. Mimi dada yako Petchiammal. Na mkeo Poongodi, ambaye chama kilitaka jina lake litangulie kwa herufi kubwa, nikakataa.

Kukusahau hatutakusahau, Esakki. Tunachoomba ni kwamba mwakani, siku kama ya leo, tusije tukawaandikia wawili.