Magunia Yana Daraja

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila hiyo.

Kidato cha nne nimemaliza. Niko nyumbani hapa Kibaigwa, nafagia, napika, nakaa. Mama anasema nitalia siku moja. Bado. Najisikia kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi.

Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi zetu, nilipokuwa shule ya msingi. Ulizungusha pedali kwa mikono, nami nikaisukuma kwa nyuma baiskeli yako ya magurudumu matatu, sindano ya kushonea magunia umeichomeka kwenye kofia. Tangu biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi malori yaliongezeka, na magunia ya kushona midomo yakaongezeka. Madalali walikuona kwa mbali.

"Treni hiyo! Pisheni!"

"Treni haiombi njia," uliwajibu, "inapiga honi tu." Ukapiga honi kwa mdomo. Mimi nikainamisha uso.

Walipochora mistari myeupe ya kuvukia mbele ya soko, ulitaka tuione rangi ikiwa bado mbichi. Tukafika. Kati yetu na mistari kulikuwa na mtaro, mpana, wenye kina, na ng'ambo ya barabara mwingine kama huo. Wenye miguu waliruka. Uliutazama kwa muda, ukacheka.

"Mwanangu, wametuandalia chakula ndani, mlango wamesahau kuweka."

Basi tukaendelea kuvukia kulekule mbele, penye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikuwa amefunika mitaro kwa zege, huku na huku, ili mikokoteni yake ipite kwenda ghalani. Mistari hapakuwa nayo. "Magunia yana daraja," ulisema, ukatandaza gunia tupu magotini. "Haya, sukuma gunia lako." Tukasubiri malori yaishe, ndipo tukapita.

Nilipokwenda shule ya bweni Dodoma mjini, ulivuka peke yako. Ni pale penye mashine lori lilipokugonga.

Msibani walisoma wasifu wako. Walisema ulizaliwa wapi, ulioa lini, ulishona magunia kwa uaminifu. Kisha wakasoma: "Aligongwa akivuka mahali pasipo na alama." Nilikuwa nimekaa mkekani na mama. Mwanamke nyuma yetu akasema, "Lakini mistari si ipo, jamani? Mzee naye alikuwa na haraka gani?" Mama alinishika kidole, akakibana. Wewe, Baba, uliyekuwa ukisubiri mpaka jua linatuunguza.

Baadaye mtendaji wa kata aliitisha mkutano kuhusu barabara. Akasema, "Tuvuke kwenye mistari. Yaliyompata mzee wetu tumeyaona." Watu wakaitikia kwa vichwa. Sijui nilisimamaje. Unanijua, hata dukani nilikuwa nanong'ona.

"Una neno, binti?"

"Shikamoo. Baba aliiona mistari. Hakuweza kuifikia."

Nikakaa. Dalali mmoja, aliyekuwa akikuita Treni, akavua kofia. Mwenye mashine akasema kwake kuna saruji iliyobaki, na kokoto hazitakosekana. Mtendaji akauliza nani atachanganya zege. Wapagazi wa soko wakanyoosha mikono.

Jana zege la kufunika mitaro penye mistari lilikuwa limekauka, pande zote mbili. Mama akaniambia niijaribu njia kwa baiskeli yako. Nikaisukuma tupu, juu ya zege, mpaka kwenye mistari. Lori la mahindi likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani, akicheka.

"We binti, abiria wako yuko wapi?"

Nikafika ng'ambo, nikaigeuza baiskeli, nikavuka tena. Haikukwama popote. Ilikuwa nyepesi mno, Baba. Mikono yangu ilizoea uzito wako, ikasukuma kwa nguvu mno, ikawa inaivuta nyuma.

Pumzika. Njia ipo sasa.

Mwanao,
msukumaji wako