Kukhu Amelala Katika Nyumba ya Profesa

Lumakanda, Jumapili, 16 Novemba. Mwaka wa tatu unakaribia kuisha tangu nitoke kwetu Mwatate.

Asubuhi kulikuwa na jua, mchana mawingu, na sasa jioni kuna ule ubaridi wa huku ambao sijauzoea mpaka leo. Mashamba yote yamekatwa mahindi. Sina kazi leo, na hata ningekuwa nayo nisingeifanya. Mwili umechoka, lakini moyo ndio umechoka zaidi.

Wiki hii nimeona jambo ambalo nimeshindwa kulisimulia kwa simu. Kila nikianza nakosa pa kuanzia. Basi naliandika hapa. Shule niliishia kidato cha pili, nitaandika kama ninavyoweza.

Mimi ni fundi wa kujenga. Nilikuja huku na kontrakta aliyekuwa akijenga bweni la chuo kikuu kimoja. Bweni lilipokwisha kontrakta akaondoka na watu wake, mimi nikabaki kwa sababu Profesa alinipa kazi. Alikuwa akipita pale akienda kufundisha, anasimama, anauliza mchanga tunautoa wapi, anakunywa chai yetu ya kikombe cha plastiki. Yeye ni mzaliwa wa hapa Lumakanda, lakini ameishi ng'ambo miaka mingi na ameoa huko. Chuo kilimpa cheo cha profesa mgeni. Anakuja miezi mitatu kila mwaka, wanamlipia tikiti ya ndege na kumpa chumba katika nyumba ya wageni mjini Kakamega.

Mama yake yuko hapa. Kila mtu anamwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha ya huku, nami namwita hivyo. Mumewe, ambaye ni marehemu, alipata shamba hili wazungu walipoondoka. Sasa Kukhu amezeeka sana. Miguu imevimba, moyo unamsumbua, na daktari alimwambia binti yake asipange mambo ya mbali.

Katika miezi ile mitatu Profesa alikuwa anakuja kwa mama Jumapili tu, na hakulala. Huku mwanamume aliyeoa hawezi kulala katika nyumba ya mama yake, na yeye aliondoka akiwa kijana, hakuwahi kujenga yake. Ikifika saa kumi anaangalia saa, anarudi mjini kwenye kile chumba cha chuo. Kukhu alikuwa akimsindikiza hadi langoni kwa mkongojo, halafu anakaa chini hapo hapo kwenye nyasi, kwa sababu miguu haikuweza kumrudisha mara moja.

"Mtoto wangu analalanga kwa kitanda ya serikali na mimi niko," aliniambia siku nilipokuja kupima kiwanja. "Jenga haraka, fundi. Hata ikiwa mbaya, jenga haraka."

Sikujenga mbaya. Ni nyumba ya vyumba viwili na sebule, hatua chache kutoka mlango wa Kukhu. Dirisha la chumba cha kulala linatazama jiko lake la kuni. Profesa alilitaka mwenyewe pale, akasema akiamka anataka kuona moshi. Mwezi uliopita nilitia milango. Ilibaki rangi tu. Nilikuwa nangoja aje Januari, alale ndani usiku mmoja, ndipo nifunge vitu vyangu niende kwetu.

Sasa, Profesa ni mtu muungwana. Aliwaandikia watu wa chuo kwamba safari hii wasihangaike na chumba, ana nyumba yake Lumakanda, atakuwa akitokea nyumbani. Alidhani anawapunguzia mzigo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jumatatu alipiga simu. Rasoa, dada yake, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa upande wa pili wa barabara, aliweka simu kwa sauti ya juu ili Kukhu asikie. Mimi nilikuwa mlangoni na brashi mkononi. Waliongea kwa lugha yao, Rasoa akawa ananieleza kidogo kidogo.

Kama nilivyoelewa, watu wa nje ambao chuo kinawapa vyeo ni wa aina tatu, na kila aina ina sheria yake. Kuna mgeni. Huyo makazi yake ni mbali, ndiyo maana analipiwa tikiti na kupewa mahali pa kulala. Mwenye makazi ndani ya kaunti hii hawezi kuwa mgeni. Anaweza kuwa mhadhiri wa muda, yule mwenye kazi yake kwingine hapa hapa nchini, anayekuja darasani kila wiki muhula mzima. Tikiti hapewi. Hilo Profesa haliwezi, kwa sababu kazi yake iko ng'ambo na wanamwachilia miezi mitatu kwa ajili ya ule mwaliko wa mgeni tu. Bila mwaliko ana likizo ya wiki mbili, na ya mwaka huu imekwisha akimuuguza mkewe. Nyingine ni Agosti ijayo.

Kisha kuna profesa wa heshima. Huyo hafundishi, halipwi, haji. Jina lake linaandikwa katika orodha ya chuo, na ameruhusiwa kukitumia cheo hicho kwenye barua zake. Basi.

Hicho ndicho walichompa.

Kukhu alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akaisogelea simu.

"Japheth, hiyo heshima inakulanga obusuma?"

Obusuma ni ugali. Profesa alicheka huko aliko, na sisi tukacheka. Halafu yeye akaacha kucheka, tukamsikia anavuta pumzi kama mtu mwenye mafua.

Sina haki ya kukasirikia chuo. Nadhani sheria hiyo iliwekwa ili watu wa karibu wasile tikiti za watu wa mbali. Ningekuwa mimi ningeiweka hivyo hivyo. Kinachoniuma ni kwamba mtu alijengewa nyumba ili alale karibu na mama yake, na nyumba hiyo ndiyo imemfungia njia. Kila tofali la nyumba hiyo limepita mikononi mwangu.

Jumanne jioni Kukhu aliniita. Aliniambia nichukue kitanda chake nikiweke katika nyumba ya Profesa, kwenye chumba cha dirisha.

Nilidhani ni maradhi yanasema. Nikamwita Rasoa, akaja mbio, na aliposikia akaweka mikono kichwani. Hapo ndipo nikaelewa kwamba si jambo dogo. Huku mama halali katika nyumba ya mwanawe. Akishalala, nyumba hiyo si ya mwana tena, hawezi kuilalia maisha yake yote. Na mwanamume asiye na nyumba kwao, hata siku akifa, watu wataanza kuulizana jeneza lilazwe wapi usiku ule kabla ya kuzikwa.

"Mama, watu watasema nini?"

"Waseme. Wewe kesho nenda huko kwa chuo uwaambie hii nyumba ni ya mama. Japheth hana kwake hapa. Ni mgeni kama wageni wengine."

"Na Japheth mwenyewe?"

"Japheth asiulizwe. Akiulizwa atakataa."

Rasoa akanigeukia. "Fundi, tafadhali usibebe hicho kitanda."

"Fundi," Kukhu akasema, "hiyo chai umekunywanga hapa miezi yote, ni ya Rasoa?"

Nilibeba. Rasoa alisimama kando akitazama, kisha akaingia ndani akatoka na godoro.

Kukhu alivuka sebule akiwa ameshika ukuta. Tangu nianze kujenga hakuwahi kupita mlango wa mbele. Alipapasa plasta kwa kiganja, akasema nimefanya vizuri. Akauliza kitanda cha Japheth kingekaa upande gani. Nikamwonyesha. Akasema chake kiwekwe upande ule mwingine.

Asubuhi moshi ulitoka jikoni kwake kama siku zote, lakini yeye alikuwa ametokea mlango usio wake. Majirani wawili waliopita na punda waliona. Hawakusalimu kwa sauti yao ya kawaida.

Rasoa alikwenda Kakamega Jumatano, akarudi jua likielekea kuzama. Hakuingia ndani. Alikaa juu ya matofali yaliyobaki, mkoba magotini. Alinisimulia mimi kwanza kwa sababu hakuweza kuanza na mama yake.

Walimpokea vizuri. Mama mmoja wa ofisini alimpa kiti na soda, akamweleza bila haraka. Kamati ilikwisha kaa. Jina la Profesa limeingia kwa watu wa heshima, na mtu hawezi kuwa na vyeo viwili. Akitaka kuwa mgeni tena, kwanza aandike kwamba anaikataa ile heshima, halafu idara fulani imuombe upya, halafu wangoje kamati ikae tena mwakani. Kuhusu nyumba ni ya nani, hilo litatazamwa wakati huo. Mwishoni yule mama alimpa Rasoa mkono akamwambia hongera, maana hata hicho cha heshima hawapewi wengi.

"Nikasema asante," Rasoa aliniambia. "Ningesema nini, fundi? Nikasema asante."

Kukhu alikuwa amesimama dirishani, lile dirisha la kutazama jiko. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

"Wamekataa?"

"Wamesema mwakani, mama."

"Mwakani," akasema, kama mtu anayetajiwa mji ambao hajawahi kufika.

Tulitaka kumrudisha kwenye nyumba yake usiku huo, akakataa. Alisema ameshalala, hawezi kulala kinyumenyume ikawa hakulala.

Alhamisi na Ijumaa nilipaka rangi ukuta wa nje, ingawa hakuna aliyeniambia niendelee. Mikono inataka kazi wakati kichwa hakitaki kufikiri. Ijumaa Profesa aliambiwa yote kwa simu. Nilidhani atamgombeza dada yake, na mimi pia. Alichouliza ni kama kitanda cha mama kimewekwa mahali upepo wa dirisha haumfikii.

Najiuliza kama ningekataa kubeba ingekuwaje. Kukhu hana nguvu ya kuburuta kitanda. Pengine angekaa kwenye kiti hadi hasira zimwishe, na nyumba ingebaki ya mwanawe, tupu lakini yake. Sasa ina mtu ndani na si yake. Nimelifikiria hata nikila.

Leo waliporudi kutoka kanisani Kukhu aliniita nyuma ya ghala, mahali ambapo mahindi yameshakatwa. Alipiga ardhi kwa mkongojo mara mbili.

"Hapa. Chumba kimoja tu. Hata ya udongo. Mwanaume asikosanga kwake."

"Kukhu," nikamwambia, "watu wa chuo wakisikia Profesa ana nyumba tena?"

Aliangalia barabarani, akaangalia ghala, kana kwamba mkuu wa chuo angeweza kuwa amejificha nyuma ya magunia. Akashusha sauti.

"Hii hatuwaambii."

Nilicheka mpaka nikalazimika kujifuta macho, na nilipokuwa najifuta sikuwa na hakika tena kama nacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anapima kwa macho mlango utatazama wapi.

Halafu akaniuliza, "Wewe mama yako yuko?"

"Yuko."

"Umemwambia unarudi lini?"

"Nimemwambia karibuni."

Alitikisa kichwa. "Japheth ananiambianga hivyo. Karibuni, mama, karibuni. Mimi hiyo siwezi kungoja, sijui iko wapi. Mpigie umpe siku."

Nilimwambia nitampigia. Akasema, "Sasa hivi. Nimesimama."

Lakini nilimwomba anisamehe, nikasema hili nitalifanya nikiwa peke yangu. Nilijijua. Akanielewa, akashika njia ya kurudi kwenye ile nyumba, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache.

Kesho naanza kuchimba. Chumba kimoja cha udongo hakinichukui muda, nitakiacha kina mabati na mlango unaofungika. Sijui kama Profesa atakilalia. Sijui Agosti itamkuta nani hapa. Nikiwaza hivyo mikono inakuwa mizito, lakini nitakijenga, na nitakijenga vizuri. Nitakapoondoka Kukhu atakuwa amesindikiza mtu mwingine hadi langoni. Hilo pia nimelifikiria.

Kabla ya kukaa kuandika nimempigia mama. Nimemwambia kazi itakuwa imekwisha, kwamba Jumamosi, tarehe sita Desemba, nitakuwa Mwatate.

Nilidhani mtandao umekatika. Nikasema haloo, haloo.

"Nipo," akasema. "Saa ngapi?"