Mdomo wa Mjomba

3 Machi

Mpwa wangu,

Natumai u mzima. Presha yangu ilikuwa imetulia mpaka Jumamosi, majirani waliponipeleka sinema kukuona ukiigiza. Ukumbi ulipoangua kicheko nami nilicheka. Halafu nikauona mdomo wangu.

Nikueleze, maana yaelekea hukuelewa. Mdomo huu ulipindishwa na kiharusi ulipokuwa darasa la sita, na wewe ndiye uliyekuwa ukinifuta uji kidevuni. Leo umeubandika kwa mwenye nyumba mwizi wa filamu yako! Watoto wa mtaa wetu wananipita wamepinda midomo. Tangu dada yangu akuache mikononi mwangu, nilikuwa nikikutandika kila ulipowaigiza walimu wenzangu. Naona sikukutandika vya kutosha. Uvue mdomo wangu.

Mjomba wako

11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na presha. Yangu umeipandisha wewe. Miaka yote hii nimeigiza maiti, mchukuzi, mlinzi wa pili. "Ndiyo, bosi," basi, nje. Huyu mwenye nyumba ndiye mtu wa kwanza niliyepewa mwenye jina, na filamu ya pili inamhusu yeye. Kila nilichonacho usoni nimekichukua kwa watu. Nimelelewa kwako. Ulitaka nichukue kwa nani?

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nimezipata, hoja sijaiona. Chukua kwa mtu ambaye hujawahi kumfuta uji. Ukiucheza tena mdomo huo, usije kunizika.

Mjomba

2 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Afya ninayo, kazi sina. Niliikataa ile nafasi. Mwongozaji hakunibembeleza, alimwita mwigizaji mwingine, akamwonyesha filamu yangu, akamwambia, "Pinda hivyo hivyo." Filamu ya pili imetoka wiki hii. Mdomo wako bado uko pale ukutani mwa sinema, mkubwa kama mlango. Umeridhika?

Mpwa wako

15 Septemba

Mpwa wangu,

Sikuulizi hali, naijua.

Nimekwenda kumtazama huyo bwana. Anapinda mdomo kama anatafuna limau, tena anautanguliza mbele za watu! Mwenye mdomo huu hautangulizi. Hugeuza uso kwanza, ndipo acheke. Wewe ulifanya hivyo. Hasira zilinizuia nisione. Nilitoka kabla haijaisha.

Bado nimekukasirikia, tusidanganyane. Lakini Alhamisi napanda basi kuja huko. Utanipeleka kwa mwongozaji wako. Nitakunywa chai mbele yake, uso kwa uso, bila kugeuka, mpaka kikombe kiishe. Kisha aniambie filamu ya tatu anampa nani.

Mjomba wako